Sababu ya Nne Ilikuwa Tambi

Anuari alitoa sababu nne za kukata rufaa, na ya nne ndiyo iliyomfanya Zuleha avute kigoda akae.

Ya kwanza ilidai kwamba hakimu wa mahakama ya mwanzo hakumpa nafasi ya kutosha kujieleza. Ya pili ilidai kwamba mmoja wa wazee wa baraza alikuwa anasinzia. Ya tatu ilieleza kwamba mkono wa binadamu unaweza kuvunjika kwa njia nyingi. Hizo Zuleha alizisoma akiwa wima, bila kushangaa, maana miaka tisa ya ndoa ilikwisha kumfundisha jinsi mumewe anavyojitetea. Ndipo akafika ya nne:

"Kwamba kwa muda wa siku ishirini na mbili za mwezi mtukufu wa Ramadhani, mjibu rufani kwa hiari yake mwenyewe alimpikia mrufani futari, hususan tambi zenye iliki na zabibu kavu, jambo ambalo ni dalili tosha kwamba amekwisha kumsamehe, hana hofu naye, na amri ile haina kazi tena."

Zuleha alirudi mwanzo akaisoma upya, polepole, kidole kikifuata mstari.

Joha, fundi mwenzake waliyegawana naye kibaraza cha duka la vitenge karibu na soko la Majengo, alisimamisha cherehani yake. "Kuna nini, shoga? Mbona umenywea?"

"Tambi."

"Tambi zimefanyaje?"

"Zimepelekwa Mahakama Kuu."

Joha alicheka mpaka pini alizokuwa amezibana midomoni zikamwagika sakafuni. Alipoinuka kutoka kuziokota, aliona kwamba mwenzake hacheki, naye akaacha. "Lakini wewe, hukumpikia?"

"Sikumpikia."

"Sasa amezilaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na anayetaka jibu lake hana budi kurudi nyuma kidogo.

Anuari alikuwa mtunza stoo katika shirika moja la umma. Shirika lilipouzwa, alipunguzwa kazi pamoja na wenzake mia moja na kitu. Watu wengi walimtetea kwa hilo. Walisema mwanamume aliyezoea kutoka asubuhi, akibaki nyumbani akamwona mkewe ndiye anayetoka, damu humchemka. Zuleha aliyasikia maneno hayo msibani, harusini na kwenye foleni ya maji. Hakubishana na mtu. Moyoni tu alijisemea kwamba watu mia na kitu walipunguzwa kazi siku moja, na mikono ya wake zao ilikuwa mizima. Wa kwake ulikaa kwenye plasta wiki sita.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Baraza la usuluhishi lilikwisha kuwakutanisha mara mbili, na mara zote mbili Anuari aliomba radhi vizuri mno, kwa sauti ya chini na mikono kifuani, hata wazee wakamsifu malezi. Mbele za watu Anuari alikuwa mtu wa adabu zake. Akiwa barazani kwa wenzake huwezi kumwona akikaa kabla ya mkubwa wake. Adabu hizo alizivua mlangoni pamoja na viatu.

Basi mwanzoni mwa Januari, mwaka 1996, mahakama ya mwanzo ilitoa amri. Anuari asiingie katika nyumba ya Ipagala, asimfuate mkewe kazini wala njiani, na mtoto wao Munira amwone kila Jumamosi nyumbani kwa mdogo wake Anuari, Harithi. Asiporidhika, ana siku arobaini na tano za kukata rufaa.

Jambo ambalo majirani hawakuchoka kulijadili ni kwamba mama yake Anuari alibaki Ipagala. Bi Stara alikuwa ameletwa kutoka Kondoa kutibiwa mtoto wa jicho. Hakimu alipomuuliza angependa akae na nani, mwanawe au mkwewe, bibi yule alijibu, "Nitakaa na jicho langu. Huyu ndiye anayejua saa ya kulitia dawa."

Kabla ya upasuaji Bi Stara alikuwa ameweka nadhiri: jicho likiona, atafuturisha Waislamu Ramadhani nzima. Jicho likaona. Liliona vizuri hata likaanza kukosoa namna vyombo vinavyopangwa kabatini. Nadhiri ikabidi itimizwe. Nadhiri ilikuwa ya Bi Stara, ila mikono ya kuitimiza ilikuwa ya Zuleha.

Futari ya msikiti wa mtaa ule ilikuwa na utaratibu wake. Saa kumi na moja jioni Mzee Halfani, mtunza msikiti, alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yenye kreti la soda limefungwa nyuma, akipiga kengele. Kila mwenye uwezo alitoka na bakuli akalipanga ndani ya kreti. Msikitini vyakula vilimiminwa kwenye masinia, wakala wapita njia, wapakia mizigo, wanafunzi na mwanamume yeyote asiye na jiko. Kesho yake mabakuli yalirudi yameoshwa. Ili yasipotee, kila mwanamke aliweka alama yake chini ya bakuli kwa rangi ya kucha. Alama ya Zuleha ilikuwa nukta tatu nyekundu.

Zuleha alipika tambi, Bi Stara akakaa pembeni na mfuko wa zabibu walizokausha wenyewe juu ya bati, akizinyunyiza kwa kiganja kizima.

"Mama, zabibu zimezidi."

"Nadhiri haipimwi kwa kijiko, mwanangu. Funika."

Zuleha hakujua kwamba Anuari, aliyekuwa akifanya kibarua cha kupakia mawe huko Ihumwa karibu na reli, alikuwa amepanga chumba nyuma ya msikiti uleule. Majirani walijua, ila kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia.

Siku ya ishirini bakuli halikurudi. Mzee Halfani aliomba radhi, akasema huenda limechanganyika. Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili, mvua inanyesha, Bi Stara na Munira wamekwenda kliniki ya macho, mtu alipiga hodi. Hodi ya kwanza Zuleha alikuwa karibu kuiitikia. Ya pili akaitambua sauti. Alitoka kwa mlango wa uani bila viatu, akapenya ua wa mabua, akaingia katika jiko la jirani ambaye mwenyewe alikuwa sokoni. Akiwa amechutama nyuma ya pipa la maji alisikia hodi ya tatu, kisha kimya, kisha komeo la mlango wake likitoka.

Aliporudi hakukuta mtu. Mlango ulikuwa wazi, na juu ya meza lilikuwa bakuli lenye nukta tatu, limejaa sukari iliyoanza kulowa.

Alimwambia Bi Stara kwamba komeo limeozeshwa na mvua. Hakutaka kumliza, maana daktari alikuwa amesema jicho lile lisilie. Kesho yake, siku ya ishirini na tatu ya mfungo, Anuari alikwenda kuandikisha rufaa.

Mtu wa kwanza kuambiwa ukweli ni Ritha. Ritha alikuwa binti mwembamba aliyetoka chuoni mwaka uliopita, akijitolea katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria kwa wanawake. Alikuwa na haya. Akisalimiwa ghafla aliangusha kalamu. Lakini akiishika kalamu hiyo alikuwa mtu mwingine, na majibu ya rufaa aliyomwandikia Zuleha yalikuwa mafupi, yamenyooka kama mshono wa suti.

"Hilo la mlango, dada Zuleha, itabidi uliseme mwenyewe," Ritha alimwambia, akiitazama meza. "Halimo kwenye kumbukumbu za mahakama ya mwanzo. Na mimi siyo wakili. Nikifungua mdomo mle ndani, watanitoa."

"Na nani aliona?" Zuleha aliuliza.

"Hakuna."

"Basi atasema nimeota. Ataweka mikono kifuani, Jaji atamwamini."

"Inawezekana," alisema Ritha, maana hakujua kudanganya. "Sema hivyohivyo."

"Na asiponiamini?"

Ritha aliangusha kalamu. Wote wawili walijua. Rufaa ikikubaliwa, amri inafutwa, na Anuari anarudi Ipagala jioni ileile na begi lake, ni mume nyumbani kwake, na hakuna wa kumwambia kitu.

Kwa wiki mbili Zuleha alifanya mazoezi pale kibarazani. Joha alijitwika bitana nyeupe kichwani, akavaa futi ya kupimia shingoni, akawa Jaji.

"Mjibu rufani! Unasemaje?"

"Nasema... shikamoo."

"Marahaba. Kesi umeshindwa. Anza upya."

Wateja walisimama kutazama. Mama mmoja aliyekuja kupunguza gauni la mtumba alikaa akasikiliza mara tatu, akatoa hukumu yake mwenyewe, kwamba mwanamume huyo afungwe, na gauni lake liwe tayari Ijumaa.

Siku ya kesi ilikuwa Jumanne, mwezi wa Mei, na Dodoma ilikuwa imeanza kupata ule upepo wake mkavu. Bi Stara alivaa baibui jipya na miwani yake ya giza ya hospitali. Njia nzima hakusema kitu. Zuleha alitamani kumuuliza, "Mama, leo uko upande gani?" lakini swali hilo halina adabu, na pengine halina jibu. Walipoingia, Bi Stara aliyatazama mabenchi, la kulia amekaa Anuari na Harithi, la kushoto Ritha na Joha. Akaenda kukaa la nyuma, katikati kabisa, peke yake.

Mzee Halfani naye alikuwapo. Anuari alimleta awe shahidi, ila karani alimweleza kwamba kwenye rufaa hakuna mashahidi, akae tu asikilize. Mzee alifurahi. Alitoa tasbihi yake akakaa kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Jaji alikuwa mtu wa makamo, mnene, mgeni mjini. Hakuwa Mwislamu. Aliuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kila neno kwa mkono wake, kwa hiyo kesi nzima ilikwenda kwa mwendo wa kalamu yake.

"Bwana Anuari," alisema, "sababu tatu za kwanza nimezisoma. Una la kuongeza?"

Anuari alisimama. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. "Sina, Mheshimiwa Jaji. Nguvu zangu ziko kwenye ya nne."

"Nieleze basi. Tambi nazijua, hata nyumbani kwangu zinapikwa. Ila sijui zinavyofuta amri ya mahakama."

"Mheshimiwa, mkono wa mke wangu naujua. Iliki anatwanga mwenyewe, haziwi unga, zinabaki punje punje. Siku ya kwanza nilipoonja pale msikitini nilinyamaza. Siku ya pili nikasema, huyu ni yeye. Na zabibu! Nani mwingine Ipagala nzima anatia zabibu kiasi kile? Zipo siku, Mheshimiwa, nilikuta zabibu nyingi kuliko tambi. Mwanamke mwenye chuki na wewe hakutilii zabibu."

Watu walicheka kidogo. Jaji aliandika. Zuleha alimtupia Ritha jicho, kwa sababu hoja ile, ikitamkwa kwa sauti ile ya upole, ilisikika kama hoja kweli.

"Chakula hicho kililetwa kwako, kwa jina lako?"

"Kiliwekwa mbele yangu, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na Mzee Halfani, huyu hapa."

"Mimi naweka palipo na nafasi!" alisema Mzee Halfani kutoka kwenye benchi.

"Kimya, mzee!" alisema karani.

"Nimenyamaza. Ila naweka palipo na nafasi."

Jaji alisubiri. "Na wewe, Bwana Anuari, ulipojua kuwa ni chakula cha mkeo, ulichukua hatua gani? Au ulikula tu?"

Mtu mwingine angesema alikula tu, na habari ingekwishia hapo. Lakini Anuari aligeuza shingo akamwona mama yake kule nyuma, na watu wote wanamtazama, na swali aliloulizwa lilikuwa swali la malezi. Je, yeye ni mtu wa kula cha watu akapangusa mdomo? Alijinyoosha.

"Mheshimiwa, mimi nina kwetu. Nimelelewa. Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu."

"Maana yake?"

"Ukiletewa chakula, chombo unakirudisha na kitu ndani. Hata kama ni chumvi. Mimi nililichukua lile la nukta tatu likiwa linasubiri kuoshwa, nikatia sukari, bakuli zima, mpaka juu. Sukari nyeupe."

"Vizuri," alisema Jaji, akiandika. "Ukampa Mzee Halfani alirudishe."

"Hapana, Mheshimiwa!" Anuari alionekana kushangazwa na wazo hilo. "Shukrani haitumwi. Nilikwenda mwenyewe."

Kalamu ya Jaji ilisimama. Ritha, aliyekuwa ameinamia mikono yake, aliinua kichwa.

"Ulikwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ipagala, Mheshimiwa. Ilikuwa mfungo ishirini na mbili, mvua inanyesha. Nilipiga hodi mara tatu, kama dini inavyoelekeza."

"Dini inaelekeza mara tatu," Jaji alirudia, akiandika polepole. "Na asipoitikia mtu baada ya hizo tatu, dini inaelekeza nini?"

Harithi alimvuta kaka yake koti. Anuari hakuhisi.

"Inaelekeza urudi. Lakini Mheshimiwa, fikiria sukari. Mvua ile! Ingeyeyuka yote mikononi, niwe nimerudisha bakuli la maji. Nikaona aibu. Nikausukuma mlango kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Ndipo Anuari alipoanza kuona alikofika, kama mtu aliyekuwa akirudi kinyumenyume huku akiaga wenyeji, akahisi ukingo wa mtaro chini ya kisigino.

"Komeo lilikuwa bovu," alisema.

"Nimeuliza kiasi gani."

"Kiasi cha... kutoka."

Joha alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Mzee Halfani alisema taratibu, bila kumlenga mtu, "Laa ilaha illallah. Kajikaanga kwa mafuta yake." Karani alitakiwa kumnyamazisha, lakini karani naye alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Jaji peke yake hakucheka. Alimaliza kuandika, akaweka nukta kwa nguvu, akageuka upande wa pili. "Mjibu rufani. Mama Zuleha. Unasemaje?"

Zuleha alisimama. Maneno aliyoyafanyia mazoezi wiki mbili yalikuwa ni ya kuthibitisha kwamba Anuari alifika, na sasa Anuari amethibitisha mwenyewe, kwa undani kuliko ambavyo yeye angeweza. Mikono ilikuwa mitupu. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile ambacho hata Ritha hakuwahi kuambiwa.

"Nilikuwa nyuma ya pipa la maji, Mheshimiwa. Kwa jirani. Nilitoka bila viatu nikachutama pale. Nilikuwa nimefunga, lakini koo halikunikauka kwa saumu. Nilikuwa namsikiliza. Alipiga hodi kwa upole sana. Na mimi upole ule ndio ninaouogopa, kwa sababu nyumbani kwangu ndio huwa unatangulia."

Hakuna aliyecheka. Anuari aliangalia chini.

"Na tambi?" Jaji aliuliza, sauti yake imeshuka. "Ulikuwa unampikia yeye?"

"Nilipikia msikiti. Ilikuwa nadhiri ya mama mkwe wangu. Chakula kikishaingia kwenye kreti la Mzee Halfani hakina mwenyewe."

"Na hizo zabibu anazozisema? Maana mrufani amezitegemea sana."

"Zabibu, Mheshimiwa," Zuleha alisema kweli tupu, "hata mimi niliona zimezidi."

"Zabibu ni zangu!"

Kila mtu aligeuka. Bi Stara alikuwa amesimama, miwani ya giza ameivua, ameishika kama mtu anayetaka kumpiga nayo mtu.

"Mama, kaa chini," alisema karani.

"Sikai. Mimi ni mzee na nimesimama kwa shida, nikikaa sitasimama tena. Shikamoo yako nimeshaisikia asubuhi, sasa ninyamazie kidogo. Mheshimiwa, zabibu ni zangu. Nilijua huyu mtoto anakula pale. Mzee Halfani aliniambia, tangu siku ya kwanza ya mfungo."

"Niliambiwa nisiseme," alisema Mzee Halfani.

"Tangu mdogo anapenda zabibu, alikuwa anaziokota kwenye pilau ya harusi za watu, ananiaibisha. Nikasema, amefukuzwa nyumbani, analala peke yake, anabeba mawe Ihumwa na saumu. Nikamtilia. Ni mimi. Huyu binti hakujua lolote. Alikuwa ananiambia, mama zimezidi, na mimi namtisha kwa nadhiri." Akamgeukia mwanawe. "Mimi nilikufundisha chombo kisirudi kitupu, Anuari. Sikukufundisha kuvunja mlango. Ungemwachia Mzee Halfani hilo bakuli, ningelipokea mimi, ningefurahi mimi, na leo tusingekuwa hapa."

Akakaa. Akavaa miwani yake.

Zuleha alimtazama yule bibi mdogo kwenye benchi refu, na badala ya hasira aliyodhani itakuja, alisikia kicheko kikimpanda. Ramadhani nzima amekuwa akidanganywa jikoni kwake mwenyewe, kwa kiganja cha zabibu! Alikizuia kicheko kwa ncha ya mtandio, kisha akamgeukia Jaji, na sasa sauti yake haikuwa na kigugumizi.

"Mheshimiwa, hata ningejua ni yeye anayekula, ningepika tu. Mwenye njaa nampa. Lakini kumlisha mtu ni jambo moja, kumfungulia mlango ni jambo jingine. Naomba lile la pili libaki mikononi mwangu."

Jaji aliliandika lote. Kisha aliwapa mapumziko ya saa moja, na saa hiyo ilikuwa ndefu. Joha alinunua karanga akazila zote peke yake. Ritha alizunguka jengo mara nne.

Waliporudi Jaji alisoma uamuzi kwa Kiingereza, karani akitafsiri. Sababu ya kwanza na ya pili hazikuonekana popote katika kumbukumbu. Ya tatu ilishajibiwa na daktari. Na kuhusu ya nne, mahakama imeridhika kwamba tambi zilipikwa kwa ajili ya msikiti, kwamba zabibu ziliongezwa na mtu mwingine kwa huruma ambayo mahakama hailaumu, na kwamba mrufani mwenyewe ameieleza mahakama jinsi alivyoivunja amri anayodai haihitajiki. Rufaa imetupwa. Amri inabaki kama ilivyo.

Hapo Jaji aliweka karatasi chini, akasema kwa Kiswahili, "Na wewe, Bwana Anuari. Nunua komeo. Jipya, la chuma. Apeleke fundi. Wewe usipeleke. Shukrani, kama ulivyosema, haitumwi, lakini komeo linatumwa. Ukionekana tena kwenye mlango ule, hata na kilo kumi za sukari, utalala ndani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa," alisema Anuari, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuweka mikono kifuani.

Nje, jua la saa saba lilikuwa kali. Joha alimkumbatia Zuleha mpaka akamkanyaga. Ritha alisimama pembeni akitabasamu, akapewa mkono na Mzee Halfani kwa ghafla, akaangusha faili zima, na karatasi za kesi zikapeperushwa na ule upepo wa Dodoma, ikabidi mabinti, mzee na karani wazifukuze uwanjani kama vifaranga.

Anuari alikuwa amesimama chini ya ukuta, mbali, begi la plastiki mkononi. Hakuja. Alikuwa akimtazama mama yake, na Bi Stara alikuwa akimtazama Zuleha.

"Nenda naye, mama," alisema Zuleha. "Ni mwanao."

"Na dawa yangu ya saa nane?"

Zuleha alifungua mkoba, akatoa kichupa cha dawa ya jicho, akamwekea kiganjani. "Tone moja. Mwambie anawe mikono kwanza."

Bi Stara alikwenda, polepole, akipapasa njia kwa fimbo ambayo hakuihitaji tena. Kutoka pale alipokuwa, Zuleha alimwona Anuari akinawa kwenye bomba la uani, akachutama mbele ya mama yake, akainua kope kwa kidole kimoja kwa uangalifu mkubwa. Mkono wake ulitulia. Zuleha alitamani kujua ulitulia hivyo tangu lini, na kama ungeweza kujifunza kukaa hivyo siku zote. Hakujua. Haikuwa kazi yake tena kusubiri majibu ndani ya nyumba moja naye.

Bi Stara alifika Ipagala alasiri, peke yake, amechoka na amechangamka. Zuleha alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba anapindia gauni la yule mama wa mtumba, Munira kando yake akifumua mshono wa zamani.

"Amekula?" Zuleha aliuliza bila kuinua macho.

"Amekula. Wali na maharage. Amenifikisha mpaka pale dukani, nikamwambia simama hapohapo, akasimama." Alikaa, akanyoosha miguu. "Amekubali kwenda tena kwa wale wa usuluhishi. Safari hii akasikilize, asiende kuhutubia. Na mwisho wa mwezi nitakwenda Kondoa wiki mbili, nitakwenda naye, ndugu zake wamseme."

"Vizuri, mama."

"Aliniuliza pia kama labda, Maulidi yajayo, ungeweza kum..."

"Mama."

"Nilimwambia hapana kabla hajamaliza," alisema Bi Stara. "Nakupa habari tu. Munira, lete maji ya kunywa, bibi yako ameongea sana leo."